Mawazo ya Einstein kuhusu vita, uchumi na Mungu: namna ya kuandaa kikao cha mjadala

Mwongozo huu ni wa walimu walezi wa klabu za midahalo, viongozi wa wanafunzi wa vyuo vya Dodoma, na vikundi vya wasomaji vya mitaani, iwe Makole, Kikuyu au Nkuhungu. Unaeleza kikao kimoja cha saa mbili na nusu kwa watu 16 hadi 20. Umeme hauhitajiki, wala projekta. Watu wakizidi 24 fanyeni vikao viwili, kwa sababu kwenye kundi kubwa wenye sauti kubwa humaliza muda, na waliosoma kwa makini huondoka bila kusema neno.

Kanuni ya kikao ni moja, na mwezeshaji aisimamie tangu mwanzo: hakuna kutaja msimamo wa Einstein bila kutaja mwaka na mtu aliyekuwa akimwambia. Desemba 1930, akiwa New York, Einstein alisema kwamba asilimia mbili tu ya vijana wanaoitwa jeshini wakikataa, serikali hazitakuwa na magereza ya kuwatosha, na vita havitawezekana. Julai 1933, Hitler akiwa madarakani kwa miezi sita, alimwandikia mwanaharakati mmoja wa kupinga vita kwamba kama yeye angekuwa Mbelgiji, asingekataa kwenda jeshini. Ni mtu yuleyule, na haijapita hata miaka mitatu. Wanafunzi wawili wanaweza kubishana jioni nzima kuhusu Einstein na jeshi, wote wakiwa sahihi, mpaka mmoja wao ataje mwaka.

Wiki moja kabla: kusaka nukuu

Kila mshiriki apewe kazi ya kuleta sentensi moja inayosemekana ni ya Einstein, kutoka kwenye kundi la WhatsApp, ukuta wa darasa, fulana au kitabu cha hamasa. Aiandike kwenye karatasi pamoja na mahali alipoikuta. Mwezeshaji akusanye karatasi hizo siku tatu kabla ya kikao ili apate muda wa kuzichunguza.

Namna ya kuchunguza ni hii. Nukuu ya kweli ina kitambulisho: barua kwa fulani, hotuba mahali fulani, makala katika jarida fulani, na tarehe. Nukuu yenye jina na picha tu haina kitambulisho. Karatasi za Einstein zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, na mkusanyiko wa maandishi yake, unaochapishwa na chapa ya Chuo Kikuu cha Princeton, unasomwa bure mtandaoni tangu 2014, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Bando dogo linatosha, maana kurasa hufunguka moja moja. Tahadhari: juzuu zilizokwisha kutoka zinafika mwishoni mwa miaka ya 1920 hivi. Ukitafuta jambo la 1946 ukalikosa humo, usiseme ni uongo. Kwa miaka hiyo tafuta gazeti au jarida lililolichapisha kwanza.

Panga karatasi katika mafungu matatu: zenye chanzo, zisizo na chanzo, na zilizokatwa. Fungu la tatu ndilo lenye mafunzo mengi. Mfano mzuri ni ile inayopendwa sana na walimu wa dini, kwamba sayansi bila dini ni kiwete na dini bila sayansi ni kipofu. Aliiandika kweli, 1940, kwa ajili ya mkutano wa New York kuhusu sayansi, falsafa na dini. Lakini katika makala hiyohiyo aliwataka walimu wa dini waliache fundisho la Mungu mwenye nafsi. Anayeitumia nusu ya kwanza kumfanya Einstein muumini wa kawaida hajaisoma nusu ya pili.

Katika fungu la zisizo na chanzo, karibu kila mara utakuta ile ya nyuki: eti nyuki wakitoweka, binadamu amebakiwa na miaka minne tu. Mikoa ya kati inaishi na asali, kuanzia Manyoni na Itigi hadi Kondoa, kwa hiyo nukuu hii inapendwa. Hakuna barua, hotuba wala makala ya Einstein yenye maneno hayo. Msiishie kusema hayo tu, ipimeni kwa mashamba yenu. Mtama, uwele na mahindi havimtegemei nyuki: chavua yake hupeperushwa na upepo au ua hujichavusha lenyewe. Alizeti ya Singida ndiyo ingeumia sana, na matunda mengi. Hasara ingekuwa kubwa, lakini ugali ungebaki. Zoezi hili la dakika tano linawaonyesha washiriki kwamba jina kubwa chini ya sentensi halithibitishi lolote, hata pale ambapo jambo linalotetewa, kama kuwalinda nyuki, ni jema.

Kamba ya miaka

Hiki ndicho kifaa kikuu cha kikao. Nunua kamba ya katani ya mita 5, vibanio vya nguo 30, karatasi ya manila ya kukata kadi 12 zenye ukubwa wa nusu ya A4, na maka peni mbili, nyeusi na nyekundu. Nyeusi ni kwa aliyoyasema au kuyafanya Einstein, nyekundu ni kwa yaliyompata au kutokea duniani. Kadi moja inaweza kuwa na rangi zote mbili. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 3 ili aliyekaa nyuma asome.

Kipimo ni sentimita 10 kwa kila mwaka. Anza na 1914 kwenye sifuri, umalize na 1955 kwenye sentimita 410. Kwa hiyo 1929 iko kwenye 150, 1930 kwenye 160, 1933 kwenye 190, 1939 kwenye 250, 1940 kwenye 260, 1945 kwenye 310, 1946 kwenye 320, 1949 kwenye 350, 1952 kwenye 380, na 1954 kwenye 400. Tia alama kwa maka peni kwenye kamba kabla ya kuitundika, maana ikishaning'inia hupimi tena vizuri.

Usipange kadi kwa nafasi sawa ili zipendeze. Wengi hufanya hivyo na kuharibu kifaa, kwa sababu umbali ndio unaosema. Mshiriki anapoona sentimita 30 tu kati ya asilimia mbili ya 1930 na barua ya 1933, anauliza mwenyewe: kulitokea nini hapo katikati? Jibu liko kwenye wino mwekundu.

Tundika kamba kwenye usawa wa macho, kama sentimita 150 kutoka chini, na uifunge katikati kwenye msumari au nguzo, la sivyo italegea na kadi zitateleza kuelekea 1933. Kila kadi ipate vibanio viwili. Kama mnakaa nje chini ya mti kati ya Juni na Agosti, upepo wa Dodoma hautaiacha kadi yenye kibanio kimoja, na vumbi litafifisha maandishi kabla ya saa kwisha. Ndani ni bora.

Kadi ya kwanza isipitwe haraka. Oktoba 1914, wasomi 93 wa Ujerumani walitia saini tamko la kutetea jeshi lao lililoivamia Ubelgiji. Daktari Georg Friedrich Nicolai aliandika tamko la kuwajibu, akiwaita Wazungu waungane. Alipata saini tatu tu zaidi ya yake, na moja ilikuwa ya Einstein, ambaye alikuwa amehamia Berlin mwaka huohuo. Kadi hii inaonyesha kwamba siasa yake ilianza akiwa bado si maarufu; umaarufu wa dunia ulimjia Novemba 1919, baada ya matokeo ya kupatwa kwa jua kutangazwa London.

Ratiba

Anza saa 8:00 mchana. Dakika 20 za nukuu, dakika 20 za kutembea kando ya kamba na kuisoma kwa sauti, dakika 35 za makundi manne, dakika 10 za mapumziko, dakika 40 za mawasilisho (kumi kwa kila kundi), na dakika 25 za mjadala wa wote. Mnamaliza saa 10:30. Kinachokatwa muda ukibana ni nukuu, kamwe si kazi ya makundi.

Kila kundi lipate maandishi halisi yasiyozidi kurasa mbili, nakala moja kwa watu wawili. Kundi la watu watano linahitaji nakala tatu, kwa hiyo jumla ni nakala 12. Muhtasari wa mwezeshaji usichukue nafasi ya maandishi yenyewe. Kiingereza kikiwa kizito, mtu mmoja asome aya, mwingine aieleze kwa Kiswahili, wa tatu aseme kama maelezo yamezidi au yamepungua.

Kundi la vita na bomu

Hapa ndipo pana kazi zaidi, kwa sababu washiriki wengi huja wakiamini Einstein alitengeneza bomu la atomiki. Mlinganyo wake wa 1905 unaeleza uhusiano wa maada na nishati; haumfundishi mtu kutengeneza silaha. Kupasuka kwa kiini cha urani kuligunduliwa Berlin, Desemba 1938, na wanakemia Otto Hahn na Fritz Strassmann, na maelezo yake ya kifizikia yakatolewa na wanafizikia Lise Meitner na Otto Frisch. Kiangazi cha 1939, wanafizikia Leo Szilard na Eugene Wigner walimfuata Einstein alikokuwa mapumzikoni Long Island, wakamweleza kwamba mpasuko mmoja unaweza kuzaa mingine mfululizo. Hakuwa amelifikiria hilo. Wazo lao la awali lilikuwa kuionya Ubelgiji, kwani Einstein alifahamiana na Malkia Elisabeth wa nchi hiyo. Badala yake ikaandikwa barua kwa Rais Roosevelt, yenye tarehe 2 Agosti 1939. Szilard alifanya sehemu kubwa ya uandishi, Einstein akatia saini. Ilimfikia Rais 11 Oktoba.

Kundi liisome barua hiyo kwa kalamu mkononi: mstari chini ya kila ombi, duara kwenye kila jina la nchi. Watakutana na Kongo ya Wabelgiji, iliyotajwa kuwa chanzo muhimu kuliko vyote cha urani. Mgodi wenyewe ni Shinkolobwe, Katanga. Kisha waulizwe: barua inasema nini juu ya Wakongo? Haisemi kitu. Swali hili halipo mbali na wenyeji wa hapa, kwani utafutaji wa urani umewahi kufanyika Bahi na Manyoni. Lipeni muda. Mtu aliyekuwa na huruma pana kuliko wengi wa zama zake aliweza kuandika juu ya madini ya Afrika bila kuwataja waliokuwa wakiyachimba, na hilo ni sehemu ya siasa yake vilevile.

Kosa la kawaida la kundi hili ni kuhitimisha haraka kwamba Einstein alikuwa kigeugeu. Waambie wasimame kwenye kamba, kati ya sentimita 190 na 250, waseme ni kitu gani kinaziunganisha kadi hizo mbili. Yeye mwenyewe alieleza kwamba lengo lake halikubadilika. Hali ndiyo iliyobadilika, na mbele ya Ujerumani ya Hitler kukataa silaha kungekuwa kuwaacha wengine waangamie. Hoja hiyo wana haki ya kuikataa, ila kwanza waieleze kwa namna ambayo yeye angeikubali.

Mambo matatu ya kumalizia. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilimnyima kibali cha usalama kwa sababu ya siasa zake, kwa hiyo hakushiriki katika mradi wa bomu. Novemba 1954 alimwambia mwanakemia Linus Pauling kwamba kutia saini barua ile lilikuwa kosa kubwa, ingawa kulikuwa na udhuru: hatari kwamba Wajerumani wangelitengeneza kwanza. Na 11 Aprili 1955, wiki moja kabla ya kifo chake, alitia saini tamko la mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell dhidi ya silaha za nyuklia, lililotangazwa London 9 Julai. Baada ya 1945 alitetea serikali ya dunia yenye mamlaka juu ya silaha. Ni vema kundi liibane hoja hii: nani angeyalazimisha mataifa makubwa kutii?

Kundi la ubaguzi

Mei 1946 Einstein alikwenda Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo cha Wamarekani Weusi ambako Kwame Nkrumah alikuwa amehitimu 1939. Kwa kawaida alikwepa shahada za heshima, lakini hii aliipokea, akafundisha wanafunzi, na akasema kwamba utengano wa rangi si ugonjwa wa watu weusi bali wa watu weupe, na kwamba hatanyamaza juu yake. Kabla ya hapo, 1937, alimpokea nyumbani kwake mwimbaji Marian Anderson, aliyenyimwa chumba hotelini Princeton. Mwaka 1951 alikuwa tayari kusimama mahakamani kumtetea W. E. B. Du Bois, msomi na mtetezi wa haki za Wamarekani Weusi.

Kundi lipewe pia upande wa pili. Shajara zake za safari ya Asia ya 1922 hadi 1923 zina maneno ya dharau juu ya Wachina. Usiyafiche ili kulinda sifa yake, wala usiyatumie kuifuta kadi ya 1946. Miaka 23 imepita kati ya maandishi hayo mawili, na shajara ya siri si sawa na hotuba ya hadharani. Kundi liamue lenyewe lina uzito gani kila moja, na litoe sababu.

Kundi la uchumi

Maandishi ni makala yake ya Mei 1949 katika toleo la kwanza la Monthly Review, ikiuliza kwa nini ujamaa. Toa aya ya kwanza, ambapo anajiuliza kama asiye mtaalamu wa uchumi ana haki ya kusema, na aya ya mwisho wa hoja, ambapo anaonya kwamba uchumi wa mipango peke yake bado si ujamaa, akauliza ni vipi watendaji wa serikali watazuiwa wasijilimbikizie mamlaka yote.

Ndani ya dakika tano mtu atasema, "Kumbe alikuwa kama Mwalimu." Mkubalie nusu. Katika insha ya 1962 Mwalimu Nyerere aliujenga ujamaa juu ya familia pana ya Kiafrika na akauona kwanza kuwa hali ya moyo na fikra. Einstein anaanzia pengine kabisa: mtaji kujikusanya mikononi mwa wachache, na mtu anayeiona jamii kama tishio ilhali anaitegemea kwa kila kitu. Onyo lake juu ya watendaji linagusa Dodoma kwa namna ya pekee, mji wa wizara na pia mkoa wenye wazee walioishi zama za vijiji vya ujamaa miaka ya 1970. Kama yupo mzee wa kualikwa, aalikwe, apewe kiti cha mbele na dakika kumi kamili. Mjulishe kabla swali atakaloulizwa: ni nani hasa aliyekuwa na kauli ya mwisho kijijini? Bila swali hilo, hadithi itapita mbali na makala.

Kundi la Mungu na sayansi

Hili liwasilishe la pili, kabla watu hawajachoka, lakini lisiwe la kwanza. Likianza, litameza kikao kizima.

Kadi ya 1929: Rabi Herbert Goldstein wa New York alimtumia telegramu akimuuliza kama anamwamini Mungu. Einstein alijibu kwamba anamwamini Mungu wa Spinoza, anayejidhihirisha katika mpangilio wa sheria za ulimwengu, si Mungu anayejishughulisha na hatima na matendo ya wanadamu. Eleza Spinoza ni nani: mwanafalsafa wa Amsterdam (1632–1677), aliyetengwa na jumuiya yake ya Kiyahudi 1656, aliyefundisha kwamba Mungu na maumbile ni kitu kimoja. Halafu soma barua ya Januari 1954 kwa mwanafalsafa Eric Gutkind, ambamo Einstein anaandika kwamba neno Mungu kwake ni zao la udhaifu wa binadamu. Hata hivyo hakupenda kuwekwa kundi moja na wakanamungu wenye hasira.

Waumini wa dini zote mbili kubwa watakuwepo. Sheria ya hapa ni kwamba kundi linaeleza alichoamini Einstein, na halipigi kura kama alikuwa sahihi. Mshiriki akianza kuhubiri au kukejeli, mrudishe kwa swali, "Hilo liko mstari gani?" Angalieni pia ile ya Mungu kutocheza kamari. Ilikuwa barua kwa mwanafizikia mwenzake Max Born, Desemba 1926, na mada ilikuwa fizikia ya kwantamu: kama matukio ya atomi yanatawaliwa na bahati au na sheria kamili. Si ushahidi wa imani. Vilevile, Einstein aliamini kila tukio lina sababu iliyolitangulia, matendo ya mtu yakiwemo. Wengi wataita hiyo kadari. Tofauti ni kwamba kwake hakuna aliyepanga.

Kadi ya 1952

Novemba 1952 aliombwa awe Rais wa Israeli, akakataa. Kadi hii huwasha moto, kwa hiyo iandalie maandishi mawili mapema: hotuba yake ya 1938, aliposema angependelea makubaliano ya haki na Waarabu ya kuishi pamoja kuliko kuundwa kwa dola ya Kiyahudi, na barua ya Desemba 1948 katika New York Times, aliyoitia saini pamoja na mwanafalsafa Hannah Arendt, ya kukilaani chama cha Menachem Begin, mwanasiasa wa mrengo wa kulia wa Israeli. Ongeza kwamba tangu 1921 alichangisha fedha za Chuo Kikuu cha Kiebrania, na kwamba dola ilipokuwepo aliikubali. Mjadala usivuke 1955. Wakitaka kuzungumzia vita vya leo, wapange siku nyingine na mwezeshaji mwingine aliyejiandaa kwa hayo.

Kikao cha pili

Kikipatikana, tumieni mazungumzo ya Einstein na mshairi wa India Rabindranath Tagore ya Julai 1930, Caputh karibu na Berlin. Einstein anashikilia kwamba ukweli upo hata kama binadamu hayupo, na anakiri hawezi kulithibitisha, Tagore anakataa. Watu wawili wasome kwa kupokezana, wengine wafunge daftari na wasikilize, kisha wasome tena wakiwa wamebadilishana nafasi. Nakala sita zinatosha, na dakika 40. Kadi za kamba zihifadhiwe kwenye bahasha kwa mpangilio wa miaka, na kamba izungushwe kwenye kijiti badala ya kukunjwa, ili alama za sentimita zisifutike.